Vichwa vya Njano vya Lomire

Mikono ya Renata Hudak ilikuwa imechubuka kwa dawa za nywele, na kwa muda mrefu hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Kila Novemba, timu ya shule ya Lomire ya mpira wa Kimarekani ilipoingia hatua ya mtoano, wachezaji wote walikuja saluni kwake siku ya Alhamisi baada ya masomo. Walipanga foleni kuanzia kwenye kiti hadi ngazi za nje, naye akawageuza nywele kuwa za njano, mmoja baada ya mwingine, bila malipo. Nani alianzisha, hakuna aliyekumbuka. Mji ambao kiwanda chake cha vioo kilifungwa kabla vijana hao hawajazaliwa haukuwa na mengi ya kuonyesha. Lakini katika majuma hayo machache ungemkuta kijana wa kichwa cha njano kila kona, huyu ananunua maziwa, yule anamsukuma bibi yake kwenye kiti cha magurudumu, na ungejua kwamba bado tumo.

Mwaka huu Renata aliwaza kuifunga saluni Alhamisi hiyo. Kisha akaamua kuiacha wazi, kwa sababu alitaka kuwaona wakija kumwomba.

Mambo yalianza Jumatatu, katika karakana ya shule, ambako Kocha Marchetti hufundisha useremala. Alikuwa anapiga randa mguu wa meza, na hakuiweka chini randa Renata alipoingia.

"Nimekuja kwa habari ya Brant," Renata alisema.

"Nilijua hukuja kununua meza."

"Jumamosi mpira ulikuwa karibu kabisa na mstari wa wapinzani. Mtu wa chuo kikuu amekaa jukwaani na kamera yake, katoka mbali kuja kumwona mwanangu. Wewe ukaagiza apewe mtoto wa Lindqvist akimbie nao."

"Akavuka mstari. Tukashinda."

"Brant angerusha."

"Angerusha. Labda ungedakwa, labda ungeanguka."

"Chuo hakimchukui mtu kwa kumkabidhi mwenzake mpira. Sasa nisikilize, Kocha. Jumamosi hii Brant arushe kila anapotaka, la sivyo hachezi. Ruhusa ya mzazi ni yangu. Nikiiondoa, imeondoka."

Kocha Marchetti alipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye mguu wa meza, akautazama kwa jicho moja kama umenyooka. "Sawa," alisema.

"Sawa arushe?"

"Sawa asicheze."

Renata alisimama akingoja maneno mengine, kisha akatoka. Alisikia randa ikianza tena hata kabla hajaufunga mlango.

Hakuwa mwanamke wa kukurupuka. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Brant Hudak alikuwa mrushaji, yule anayesimama nyuma ya ukuta wa vijana wanene, anapokea mpira wao wa umbo la yai na kuurusha mbali hadi mikononi mwa mwenzake anayekimbia. Kwa misimu mitatu timu nzima ilikuwa mkono wa Brant. Mrushaji wa akiba alikuwa mtoto wa darasa la chini ambaye mpira wake ulitua karibu na viatu vyake mwenyewe. Bila Brant, Lomire wangeaibishwa na Port Clary, watu wa ng'ambo ya mto, mbele ya kila mtu. Na kabla ya aibu hiyo, kocha angekuja kugonga mlango.

Usiku huo mezani Brant alimuuliza, "Umefanya nini, Mama?"

"Nimekutafutia thamani yako. Watakuja."

"Na wasipokuja?"

"Wana nani mwingine?"

Brant aliinuka akaosha sahani yake, yake peke yake, akaiacha ya mama yake mezani na kijiko ndani.

Ili kumwelewa Renata inabidi kuujua mtaa wa Bondeni, nyumba zile zilizobanana kando ya reli, ambako alizaliwa. Baba yake hakudumu nyumbani. Mama yake alisafisha ofisi za kiwanda cha vioo, akapita mjini kila alfajiri na ndoo mkononi. Bernadette, msichana wa nyumba ya tatu, ndiye aliyembatiza Renata jina la Mtoto wa Ndoo, na jina likamganda tangu darasa la kwanza hadi mwisho wa shule. Renata akaja kusomea ususi, akaolewa na mwanamume aliyekwenda Texas kuchimba mafuta na kusahau njia ya kurudi, akafungua saluni chini ya chumba alicholala. Watu walikuja kwa sababu alikuwa na mkono mzuri. Hawakubaki kuzungumza.

Kisha mtoto wake akaanza kurusha mpira. Kwa muda usiofika mwaka, mwanamke huyo huyo, kwa sura hiyo hiyo, akawa Mama Brant. Mwoka mikate alimwongezea kipande. Katikati ya jukwaa, mahali ambapo mvua haifiki, paliachwa wazi kwa ajili yake. Hata Bernadette, ambaye sasa alikuwa Bi. Yanosik na ana mwana wake katika ukuta wa timu, alijifunza kumsalimu kwanza. Renata hakusahau hata siku moja kwamba salamu zile zilikuwa za mkono wa Brant. Ndiyo maana aliulinda mkono ule kama mtu anavyolinda moto kwenye upepo.

Kufikia Jumanne habari zilikuwa zimeenea, na saluni ilikuwa kimya. Mteja wa asubuhi alipiga simu kusema ana mafua. Wa mchana hakujisumbua kupiga. Mbele ya nyumba ya kila mchezaji wa Lomire huchomekwa ubao wenye namba yake. Renata alipotoka kuchukua gazeti, alikuta ubao wa Brant umeng'olewa na kulazwa kifudifudi kwenye ngazi, umepangwa vizuri, kama kitu kilichorudishwa na aliyeazima.

"Mkate umekwisha," mwoka mikate alimwambia Jumatano. Mikate ilikuwa nyuma yake, imejaa rafu, bado ya moto.

"Naiona, Emil."

"Basi tunaona tofauti."

Alirudi nyumbani mikono mitupu akakaanga kabichi na tambi, chakula cha mama yake. Alikula akiwa amesimama dirishani, akitazama barabarani. Kocha hakuja.

Alhamisi walikuja wachezaji. Walikuja wote kwa pamoja, na walipofika mlangoni walipangusa viatu. Renata alisimama nyuma ya kiti, mikono amekunja, akingoja mmoja wao afungue mdomo. Wa kwanza kukaa alikuwa Gus Yanosik, mwana wa Bernadette, mpitishaji wa timu: yule anayeinama juu ya mpira mwanzo wa kila mchezo na kuupitisha nyuma katikati ya miguu yake. Kiti kililia chini yake.

"Habari za mchana, Bi. Hudak. Mimi ni kama mwaka jana tu."

"Mwaka jana ulikuwa na shingo."

"Kocha ameichukua."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Renata akachanganya dawa. Ilikuwa kali, na macho yake yalizoea kutoa machozi kwa harufu yake, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

"Haya, nani atarusha Jumamosi?" aliuliza, akimpaka.

"Hakuna, Bi. Hudak."

"Hakuna, au mmekatazwa kusema?"

"Hakuna atakayerusha. Kocha ameiondoa kazi hiyo. Mimi nikipitisha mpira unakwenda moja kwa moja kwa mmoja wa watatu waliosimama nyuma, halafu wanapishana, wanafichana, wanakimbia. Babu anasema ndivyo walivyocheza wao, enzi za kiwanda."

"Babu yako alicheza na kofia ya ngozi."

"Anayo mpaka leo. Anaivaa akikata nyasi."

"Port Clary watawakanyaga."

"Huenda," Gus alisema kwa upole, macho ameyafumba. "Wametukanyaga kila mwaka, sisi wa ukuta. Tumeshazoea."

Renata alitazama saa ya ukutani. Dawa ile ina wakati wake. Ukiiacha izidi kidogo tu, ngozi inawaka moto, na chini ya helmeti ingewaka kwa juma zima. Vichwa vyote vya timu vingepita chini ya mikono yake jioni hiyo. Wazo lilimjia na akalitazama, hakujifanya halioni. Alipomwosha Gus kwa wakati wake, halikuwa jambo la huruma. Hakutaka kazi mbaya itembee mjini ikisema imetoka kwake.

Juu, sakafu ililia. Brant alikuwa akitembea chumbani, kutoka dirishani hadi kitandani na kurudi. Vijana wote walisikia. Hakuna aliyeinua macho, hakuna aliyeuliza. Waliingia na nywele nyeusi, nyekundu na za kahawia, wakatoka na za njano, kila mmoja akisema asante, na kila asante ilimchoma Renata kuliko tusi. Mwishoni Gus alirudi mlangoni.

"Brant yupo?"

"Unamsikia."

"Mwambie..." Alifikiri, mkono kwenye nywele zake mpya. "Basi. Usimwambie kitu."

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri na uwanja ukawa tope. Renata alimwambia Brant abaki nyumbani. Yeye alivaa jezi ya mwanawe, ile aliyoichezea msimu uliopita, juu ya koti, kama akina mama wote wa Lomire wanavyofanya siku ya mchezo, akapanda jukwaani hadi mahali pake. Palikuwa wazi. Pembeni yake pia palikuwa wazi, na mbele, na nyuma. Watu walikaa mvuani kuliko kukaa karibu naye.

"Jezi ya nani hiyo?" mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti ya kusikika.

"Ya mzimu," mwingine alijibu.

Bernadette Yanosik alikuwa chini kidogo, amejifunika mfuko wa plastiki. Aligeuka. "Umekuja kutuzika, Renata?"

"Nimekuja kutazama mpira."

"Umekuja kutazama tukishindwa. Sema tu, hapa wote tunafahamiana."

Ndivyo ilivyokuwa kwa Renata. Alitaka washindwe. Alitaka washindwe vibaya, tope midomoni, na mtu mzima wa Lomire aje kesho kwenye ngazi zake, kofia mkononi. Aliomba hivyo kimoyomoyo, kwa maneno aliyofundishwa kanisani, na hakuona haya.

Ng'ambo ya uwanja watu wa Port Clary walianza kuimba, wakipiga viti kwa miguu. "Mrushaji wenu yuko wapi? Mrushaji wenu yuko wapi?" Renata alikaa wima. Wimbo ule ulikuwa wa mwanawe.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda alivyotaka. Port Clary walivuka mstari mapema na kuongeza mkwaju, alama saba, kisha mkwaju wa mbali ukawapa tatu nyingine: kumi kwa sifuri. Kisha kitu kikaanza kubadilika polepole, kama maji yanavyoingia chini ya mlango. Gus aliinama, akapitisha mpira nyuma, na wale watatu wakapishana migongo ikiwa imegeuzwa, mikono matumboni, kila mmoja akikimbia kama aliyeubeba. Port Clary walimwangusha mmoja, hana kitu. Wakamwangusha wa pili, hana kitu. Aliyekuwa nao alikuwa ameshapita. Hawakuwa wakienda mbali. Hatua chache, hatua chache tena, ukuta wa vichwa vya njano ukisukuma mbele kwenye tope.

Mtangazaji kwenye kipaza sauti alichanganyikiwa. "Mpira anao Lindqvist," alisema. "Hapana, samahani, anao Abruzzi. Hapana." Akakata tamaa. "Mpira wanao Lomire." Tangu hapo akaacha kutaja majina. Kila mara alisema hivyo tu, na kila mara jukwaa lilipaza sauti zaidi.

Wakavuka mstari mara ya kwanza, na mkwaju, zikawa saba. Wazee wa kiwanda, waliokuwa wakikaa kimya misimu yote ya Brant, walikuwa wamesimama, mmoja akilia bila kujifuta. Mwishoni mwishoni wakavuka mara ya pili, katika rundo ambalo hakuna aliyeona ndani yake. Mwamuzi alilazimika kuwaondoa mmoja mmoja kabla ya kumpata aliyeukumbatia mpira. Mkwaju ukafuata. Kumi na nne kwa kumi.

Ndipo jukwaa la Lomire lilipogeuka. Hakuna aliyetoa amri. Watu waliichukua ile tuni ya Port Clary, wakaipa maneno mengine, na hawakuimba kuelekea uwanjani. Waliimba wakimtazama yeye. "Mrushaji wa nini? Mrushaji wa nini?" Mwoka mikate aliimba. Mteja wa mafua aliimba, kifua kizima. Miguu ilipiga mbao hadi Renata akahisi mtikiso kwenye meno.

Hakuinuka. Alijua akiinuka atakuwa Mtoto wa Ndoo akishuka ngazi zile, na alikuwa ameshazishuka kiasi cha kutosha katika maisha yake.

Bernadette peke yake hakuimba. Alipanda hadi kwake, akasimama, plastiki ikidondosha maji.

"Miaka mitatu," alisema, "watoto wetu wameangukiwa na watu ili mwanao asichafuke. Umewahi kuiangalia jezi hiyo uliyovaa? Iangalie. Mpya kabisa."

"Alikuwa anawashindia."

"Alikuwa anasimama. Wangu alikuwa anaanguka." Kisha akashuka.

Renata alipoondoka uwanjani, alimwona mtu amesimama nyuma ya uzio wa mwisho, peke yake, kofia ya koti kichwani, vidole vimeshika waya. Hakuhitaji kumwona uso. Hakumwita. Brant alikuwa akiwatazama wenzake wakikumbatiana katika tope, na alisimama kama mtu aliye nje ya nyumba yake mwenyewe.

Jumapili, Renata aliporudi kutoka kanisani, harufu ya dawa ilimpokea mlangoni. Brant alikuwa ameketi kwenye kiti cha saluni, taulo mabegani. Nywele zake, nyeusi za ukoo wa baba yake, zilikuwa zimegeuka rangi ya chungwa, na kwa nyuma madoa madoa.

"Umeosha mapema," Renata alisema.

"Ilikuwa inaniunguza."

"Huunguza. Ndiyo maana watu huja kwangu."

"Naomba uirudishe ruhusa, Mama."

"Kocha amekuja kwako?"

"Nilikwenda mimi. Nilimkuta nyumbani kwake anakula."

Renata alivua glavu zake za kanisani, kidole kimoja kimoja. "Akasemaje?"

"Kasema hawarushi tena. Nafasi iliyopo ni ya kufungua njia. Kukimbia mbele na kumgonga mtu."

"Umfungulie nani njia?"

"Yeyote mwenye mpira."

"Na ule mkono? Yule mtu wa chuo hatakuja tena kumtazama mtu anayegongagonga watu kwenye tope. Unalijua hilo?"

"Najua."

Alikuwa amelitegemea neno lolote isipokuwa hilo. Alikuwa na majibu ya hasira na majibu ya machozi, ameyaandaa njia nzima. Alimtazama mwanawe kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba alikuwa ameulinda moto ule mpaka mwenye moto akachoka na joto.

"Sogea," alisema mwishowe. "Nikurekebishe. Huwezi kutoka mbele za watu na kichwa cha kutu."

"Acha."

"Brant."

"Acha hivi hivi. Sikuwa kwenye foleni."

Alirudisha ruhusa. Hakumkumbatia, na Brant hakushukuru.

Jumamosi iliyofuata walifungwa nyumbani na shule kubwa ya mji wa mbali, na mji ukawashangilia kama washindi. Renata alikuwepo. Mahali pake pa katikati palikuwa na watu wengine, kwa hiyo alisimama mvuani karibu na uzio. Alimtafuta Brant mchezo mzima na mara nyingi hakumpata, kwa sababu alikuwa chini ya watu. Walipovua helmeti mwishoni, kulikuwa na vichwa vingi vya njano na kimoja cha chungwa, na hicho kilikuwa na damu puani na hakikutazama upande wake.

Jezi ilikuja nyumbani nyeusi kwa tope. Renata hakuwahi kufua jezi ya namna hiyo. Aliichemshia maji, akaitia sabuni kali ya taulo za saluni, akaisugua hadi mikono ikawasha. Asubuhi aliianika karibu na dirisha la saluni, na madoa yote yalikuwa yamebaki, ya majani na ya damu, yameingia kwenye kitambaa kama yaliyofumwa humo.

Jumanne mlango ulifunguliwa. Alikuwa Bernadette Yanosik. Aliketi kwenye kiti bila kukaribishwa na kuweka mkoba mapajani.

"Ncha tu," alisema. "Nimekuja kwa nywele. Sikuja kwa maneno."

Renata akamfunga taulo, akaanza kukata. Mkasi ulifanya kazi yake. Macho ya Bernadette yalizunguka chumba, yakapita kwenye viti vitupu, yakafika dirishani, kwenye jezi, na kukaa hapo.

"Umetumia maji ya moto," alisema.

"Ndiyo."

"Baridi. Loweka kwa maji baridi usiku kucha. Ya moto yanaipika damu humo humo." Aligeuza uso kwenye kioo. "Hata mtoto mdogo anajua hilo, Mtoto wa Ndoo."

"Inamisha kichwa," Renata alisema.

Bernadette akainamisha.